Limefafanuliwa, Lakini Halikutumika

Kila inapokaribia tarehe 7 Julai, sisi watu wa mashairi hupata soko. Tangu UNESCO ilipoitangaza siku hiyo, Novemba 2021, kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, haukupita mwaka bila ya mimi kuitwa mahali kusoma beti za kuisifu lugha. Husoma, hupigiwa makofi, nikakaa. Kisha husimama mwenye hotuba akatukumbusha kwamba wasemaji wa Kiswahili wamepindukia milioni 200, na kwamba lugha hii ina uwezo wote wa kubeba sayansi na teknolojia. Nasi hupiga makofi tena. Baada ya hapo kila mtu hurudi kwao, nami hurudi kwetu Wambaa, na uwezo ule hauulizwi habari zake mpaka Julai nyengine.

Leo nataka niulize habari zake. Nataka kudai, mbele ya wenzangu wa kalamu, kwamba Kiswahili hakikosi maneno ya kompyuta. Kinachokosa ni watu wa kuyatia maneno hayo kazini, na wa mwanzo wa kuulizwa kwa nini kazi haikufanyika ni sisi washairi tunaojiita walinzi wa lugha. Nitaeleza kwa kisa kimoja ambacho mimi mwenyewe sikutoka na sifa ndani yake.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anasoma kompyuta chuoni Unguja. Alikuja likizo msimu wa karafuu, akashuka bandari ya Mkoani na begi moja na kompyuta ya kupakata iliyokwisha kuchoka, aliyouziwa na mwanafunzi mwenziwe. Siku ya pili yake nikamkuta kakaa barazani, karafuu zimeanikwa majamvini mbele yake, na yeye hata konyo moja halichambui. Nikamuuliza ana nini.

"Mjomba, mimi naona niache. Niombe ualimu."

Nikadhani ni shida ya ada. Haikuwa ada. Alikuwa amepewa zoezi la kuunda kompaila kutokana na chanzo chake na kuisakinisha katika mashine yake mwenyewe, na mara tatu kazi ilimshinda. "Wenzangu wananiona sina akili," akasema. "Na mimi si mjinga, Mjomba. Sijui tu naambiwa nini."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonikalisha nikaandika.

Kwa msomaji asiyeishi na mambo haya, nieleze kidogo. Programu huandikwa na binadamu kwa lugha ya maandishi, kama ile iitwayo C, yenye sarufi yake. Maandishi hayo ndiyo chanzo. Mashine haifahamu hata mstari mmoja wa hayo. Inachofuata ni amri za tarakimu tupu. Kati ya viwili hivyo husimama programu ya tatu, inayoyachukua maandishi yote na kuyageuza kuwa amri hizo. Hiyo ndiyo kompaila. Iliyo mashuhuri miongoni mwa programu huria ni GCC, aliyoianzisha Richard Stallman na kuitoa mara ya kwanza mwaka 1987. Mtu anaweza kuipata ikiwa imekwisha kuundwa na wengine, akaitia katika mashine yake, shughuli ikaisha. Lakini pia kila mtu ana haki ya kukichukua chanzo chake, akakisoma, akakibadilisha, akajiundia yake. Mwalimu wa mpwa wangu aliwataka wanafunzi waipite njia hii ya pili, nami naona alifanya vyema. Anayenunua dau hajui kilichomo chini ya kalafati, aliyeliunda anajua.

Chanzo alikuja nacho katika flashi. Kilikuwa cha toleo la 12, faili moja lililobanwa, karibu megabaiti 80. Hatua ya kwanza baada ya kulifungua ni kuendesha hati ndogo ya kuikagua mashine, ionekane ina kila kinachohitajika. Hati ilikagua, ikasimama, ikaandika mstari mmoja wa Kiingereza. Hapo ndipo kijana wetu alipokwama mara zote tatu. Alivyousoma mstari ule, ulikuwa ukimwambia kuwa amekosea, na alikuwa akitafuta kosa lake asilione, maana hakuwa na kosa.

Mimi Kiingereza changu ni cha skuli ya zamani, lakini kilinitosha. Mstari ulikuwa ukisema hivi: kazi hii inahitaji maktaba tatu, GMP, MPFR na MPC, za matoleo fulani au ya juu yake. Basi. Moja ni ya kuhesabia namba nzima kubwa mno, ya pili ya namba za desimali, ya tatu ya namba changamano. Ni sawa na fundi anayekwambia kabla hajashika tezo: nitafutie misumari, pamba na deheni. Hakuna fundi aliyesema maneno hayo akawa anamtukana mwenye chombo.

Nilipomfasiria hivyo alinyamaza, kisha akacheka kicheko cha hasira. "Basi ni hilo tu?"

Ni hilo tu. Mwaka mzima msichana amejiona mjinga kwa sentensi moja isiyokuwa na ukali wowote. Maktaba zile alizipata jioni ile ile kwa bando la simu yangu, kwa kuwa ndani ya chanzo chenyewe mna hati ya kuzipakua. Ukaguzi ukapita, akatoa amri ya kuunda, na mashine ikaanza kazi, mistari ikipanda kiooni kwa maelfu.

Kazi hiyo haina haraka. GCC haijiundi mara moja. Hujiunda mara tatu. Katika pito la kwanza, kompaila ya zamani iliyomo katika mashine huiunda kompaila mpya. Mpya hiyo ina fikra mpya, lakini mwili wake umefanywa na ya zamani. Kwa hiyo katika pito la pili kompaila mpya hukichukua chanzo kile kile chake ikajiunda upya kwa mkono wake. Katika pito la tatu, ile ya pili huiunda ya tatu. Hapo vipande vya pito la pili na vya pito la tatu hulinganishwa, baiti kwa baiti. Vikifanana, chombo ni kizima. Visipofanana, kazi husimama.

Usiku ule, katikati ya pito la pili, umeme ulikatika. Umeme wetu Pemba huja kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010, na betri ya mashine ile haikuwa na roho ya kungojea. Mpwa wangu akajishika kichwa. Asubuhi umeme uliporudi akagundua kuwa ile programu isimamiayo uundaji, iitwayo make, huangalia tarehe za mafaili: yaliyokwisha huyaacha, huendelea na yaliyobaki. Akaendelea pale pale alipokatikiwa. Adhuhuri ulinganisho ukafaulu. Akaisakinisha, akaandika programu ya mistari mitano ya kutoa salamu, akaifasiri kwa kompaila aliyoiunda mwenyewe, nayo ikamsalimu. Habari za kuomba ualimu sikuzisikia tena.

Sasa nije kwenye madai yangu.

Msomaji ameona kwamba nimeandika "kuunda" na sikuandika "kujenga." Sikulifikiria neno hilo kwa makusudi. Hapa kwetu nyumba hujengwa, chombo huundwa, na tulipokuwa tumekaa mbele ya ile mashine tukizungumza, neno lililokuja mdomoni ni la chombo, kwa sababu tulikuwa tukikusanya mbao, tukikagua mataruma, tukingojea kushua. "Kusakinisha" nalo limekuja bila ya kutafutwa. Wapo wanaolicheka neno hili. Mimi naliona ni miongoni mwa maneno mazuri tuliyopata, maana kusakini ni kukaa mahali pakawa pako, na ndivyo programu inavyofanywa: haiwekwi tu, hukalishwa, ikaoneshwa maktaba zake na njia zake.

Lakini kwa kompaila yenyewe nilikuwa na neno la kitabuni, "mkusanyaji," nililolipata zamani katika orodha ya istilahi na kulihifadhi kwa fahari. Nikamwambia mpwa wangu: hiki kwa Kiswahili kinaitwa mkusanyaji. Akanitazama. "Kinakusanya nini, Mjomba?"

Sikuwa na jibu. Jibu nililipata baadaye, na lina funzo. Neno la Kiingereza lilienezwa na Grace Hopper, mwanahisabati wa Marekani, aliyeunda programu ya A-0 mwaka 1952. Kwa A-0 neno lilikuwa sawa kabisa: kazi yake ilikuwa ni kukusanya vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa, kutoka maktaba yake, na kuviunga pamoja. Baadaye chombo kikabadilika, kikawa cha kufasiri, na neno la zamani likabaki juu yake. Sisi tukaja, tukalifasiri neno, wala hatukukitazama kitu. Tumerithi jina la kazi ambayo mwenyewe ameiacha tangu babu zetu wako hai.

Na jambo la kusikitisha ni kwamba Kiswahili kina maneno mawili ambayo wengi wangeyaonea wivu. Tunaye mfasiri, anayeichukua hati nzima, akakaa nayo, akakurejeshea hati nyengine. Tunaye mkalimani, anayesimama kati ya wawili na kugeuza kauli hapo hapo inapotoka. Katika kompyuta ziko programu za namna mbili hizo hasa: ile inayokifasiri chanzo chote kabla ya kazi kuanza, na ile inayosoma na kutekeleza papo kwa papo. Tofauti ambayo wanafunzi hufundishwa kwa mihadhara, mtoto wa Kiswahili huizaliwa nayo. Anayetaka kiambishi cha ala aseme "kifasiri". Anayeridhika na "kompaila" aseme kompaila, kama tulivyosema nahodha na karafuu bila ya kuomba radhi. Sigombanii neno. Nagombania kwamba neno lichaguliwe na mtu aliyekishika kitu.

Nisidhaniwe nasema hakuna aliyefanya. Mwaka 2004 watu wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao kutoka Uswidi, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi jumbe zake. Walikaa na sentensi moja moja. Hiyo ndiyo kazi ninayoisema, na sisi washairi tuliipongeza tukapita.

Sasa tazameni palipobaki. Ndani ya chanzo cha GCC mna folda iitwayo po. Humo huwekwa mafaili ya tafsiri ya jumbe zote ambazo kompaila humwambia mtumiaji wake: makosa, maonyo, mashauri. Mpwa wangu aliifungua akanionesha. Mna Kijerumani, Kifaransa, Kijapani, Kivietinamu, Kiindonesia. Mna faili la rw, yaani Kinyarwanda. Faili hilo halikukamilika, lakini lipo. Kuna mtu alikaa akaanza. La sw halimo.

Nawaomba wenzangu wasome tena sentensi hiyo kabla ya Julai ijayo. Lugha ya jirani zetu, yenye wasemaji wachache kuliko sisi, imo ndani ya kompaila. Yetu ya milioni 200, yenye mabaraza, kamusi, vyama, tuzo na siku yake duniani, haimo. Na hakuna aliyeizuia. Faili halitaki kibali cha serikali wala kikao cha kamati. Linaonekana hivi: sentensi ya Kiingereza, na chini yake alama mbili za kufungia maneno, ambazo katikati yake hamna kitu. Kisha sentensi nyengine, na tupu nyengine. Ziko kwa maelfu.

Tukasema tuanze kuzijaza, yeye na mimi. Hapa ndipo nilipoumbuka.

Sentensi ya mwanzo aliyonipa ilikuwa fupi. Ni onyo ambalo kompaila hulitoa inapokuta kitu kilichofafanuliwa ndani ya chanzo kisha hakikuitwa mahali popote. Kwa Kiingereza ni maneno manne, na kabla yake pana nafasi tupu ambapo mashine yenyewe itatia jina la hicho kitu. Nikaona ni jambo la dakika moja. Lakini kitu chenyewe ni nini? Kikiwa kigeu, "hakikutumika." Ikiwa fanksheni, "haikutumika." Yakiwa mengine, mengine. Kiingereza hakijali, kitenzi chake hakiulizi mtenda ni wa ngeli gani. Cha kwetu hakitembei hatua moja bila ya kuuliza, na jibu haliko mpaka mashine itakapolitia jina. Mimi niliyetunga kwa miaka thelathini, ninayejua kuikata tungo ikaingia mizani kumi na sita bila ya kuhesabu kwa vidole, nilikaa na maneno manne usiku kucha nikashindwa.

Asubuhi aliyelifungua fundo ni yeye. "Mjomba, si tutangulize neno jina? Jina fulani limefafanuliwa, lakini halikutumika. Vyote vina majina."

Ni sahihi, ni fasaha, na inakubali kila kitakachotiwa. Niliiandika katika daftari, kisha nikainua macho, nikaiona ile orodha yangu ya istilahi juu ya rafu, imetulia na vumbi lake. Maneno mangapi yamo humo ambayo onyo lile lingeyahusu? Limefafanuliwa, lakini halikutumika. Limefafanuliwa, lakini halikutumika. Kompaila ikikuta majina ya namna hiyo humuonya mwandishi, kwa sababu huwa ni dalili ya kazi iliyoachwa katikati. Sisi tukiyakuta huyaita utajiri wa lugha.

Najua nitakayojibiwa, kwa kuwa nimeshajibiwa. Mzee mmoja ninayemheshimu aliniambia: Kiswahili tukiachie mawaidha, mapenzi na mashairi, kompyuta ni ya Kiingereza. Mzee wangu, mashine haijui Kiingereza. Grace Hopper huyo huyo alisimulia kwamba aliwaonesha wakubwa wake programu moja kwa amri za Kiingereza, kisha kwa za Kifaransa, kisha kwa za Kijerumani, na wakubwa wakaruka: vipi kompyuta iliyoundwa Pennsylvania ifahamu Kifaransa? Hawakufahamu kwamba kwa mashine zote tatu ni alama tu za kufasiriwa. Hayo yalikuwa miaka ya 1950. Ni ajabu kwamba leo, Pemba, tunaikariri hoja ya wale wakubwa, na hatuna hata kampuni ya kulinda.

Wengine husema: mtawafungia vijana kisiwani. Hakuna anayesema kijana asijifunze Kiingereza. Mpwa wangu anakisoma na atazidi kukisoma. Wajapani na Wajerumani waliozifasiri jumbe zile hawakujitenga na ulimwengu. Walitaka tu mwanafunzi wao akiambiwa atafute maktaba tatu, azitafute, asikae barazani akijilaumu. Skuli zetu za sekondari husomesha sayansi kwa Kiingereza, na hilo lina mjadala wake mrefu ambao sitauingia hapa. Jumbe za kompaila hazingojei mjadala huo umalizike.

Wa mwisho, na hawa ndio wengi kati yetu, husema: tungoje istilahi zikamilike, zipitishwe, zisanifishwe, ndipo tufasiri. Hawa nawajibu kwa yale mapito matatu. Hakuna kompaila iliyongoja ikamilike ndipo ijiunde. Pito la kwanza lina mkono wa kigeni, na hapana aibu: tutasema kompaila, fanksheni, faili, na tutakosea. Pito la pili tutakichukua Kiswahili hicho hicho chenye viraka, tukakitumia kufafanulia Kiswahili, na mengi yatajirekebisha, kama neno jina lilivyoturekebishia sentensi. Pito la tatu tutalinganisha. Kamati na mabaraza kazi yao iko hapo, katika kulinganisha, na ni kazi ya heshima. Lakini ulinganisho hauanzi mpaka pawepo vitu viwili vilivyoundwa.

Na anayeona kwamba kutumia tu alichoundiwa na wengine kunatosha, namkumbusha alilolisema Ken Thompson mwaka 1983 alipopokea tuzo ya Turing. Alionesha kwamba kompaila yaweza kutiwa hila: itie mlango wa siri katika programu inazozifasiri, na iitie hila hiyo hiyo ndani ya kila kompaila mpya itakayoundwa kwayo. Kisha hila ikafutwa katika chanzo. Atakayekisoma chanzo atakiona kisafi, mstari kwa mstari, na mlango wa siri utaendelea kurithiwa. Sumu haimo katika maandishi. Imo katika chombo kilichoyafasiri.

Sisi watu wa lugha tunaijua sumu hiyo, ila hatukuwa tumeipa jina. Mtu anasema "mwisho wa siku" akikusudia hatimaye. Lichunguze neno kwa neno: mwisho ni Kiswahili, wa ni Kiswahili, siku ni Kiswahili. Chanzo ni kisafi. Lakini kwa Mswahili mwisho wa siku ni magharibi, na baada yake saa moja ya usiku huanza. Maana ile nyengine imeingia kutoka katika chombo kilichoiunda sentensi, kichwa kilichofikiri kwa Kiingereza kikatoa kwa Kiswahili. Huwezi kuiondoa kwa kusahihisha kamusi, kwa sababu haikuingia kwa njia ya kamusi. Huondoka pale tu watu wanapofanya kazi nzito, ya kila siku, wakiwa wanafikiri kwa lugha yao tangu mwanzo wa kazi. Msichana aliyesema "kuunda" akiwa na taswira ya dau kichwani alikuwa akifanya hivyo, na hakuna aliyemfunza.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na lina kipimo. Kila anayesoma hapa na anajiona ana lugha, achukue jumbe ishirini. Ishirini tu. Azifasiri, kisha azilete tuzibishanie kwa adabu ya malumbano. Kamange na Sarahani wa hapa kwetu Pemba walijibizana kwa tungo, na tungo zao ziliishi kwa kughaniwa na kunakiliwa muda mrefu kabla ya kutiwa katika kitabu cha Kale ya Washairi wa Pemba mwaka 2011. Hawakungoja kitabu ndipo watunge. Nasi tusibishane juu ya neno kabla ya kulitia ndani ya sentensi yake, na sentensi kabla ya kuiona kiooni mbele ya mwanafunzi aliyekwama.

Mpwa wangu amerudi chuoni na faili lenye jumbe arubaini na moja. Jina lake ni sw.po. Yeye ameshafasiri thelathini na sita. Tano ndizo zangu. Julai ijayo nikiitwa kusoma mashairi, nimeazimia nizisome jumbe hizo kwanza, kisha ubeti huu:

Neno lilo kamusini, bila kazi kupatiwa,
Ni jahazi la bandani, lingojalo kushuliwa,
Laoza matarumani, na bahari halijuwa,
Lipelekeni majini, lipate kujaribiwa.